Kijiti cha Mtofaa

Antwerp, mwaka wa kumi na mbili wa karne. Mvua ya Februari
haikuwa mvua, ilikuwa jasho la kuta.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano na tupa moja,
na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutopumua
Gommaar Wuyts alipokuwa akisikiliza.

Injini zetu hazikuwa na vali za kugongagonga
kama kwato juu ya mawe ya bandarini.
Ndani ya kila silinda ziliishi ala mbili za chuma,
ala ndani ya ala, na pistoni ndiyo jambia,
zikipanda, zikishuka, kila ala na dirisha lake:
madirisha yakikutana, mvuke wa petroli unaingia,
yakipishana, nyumba imefungwa, moto unafanya kazi.
Kati ya ala na ala, unene wa unywele uliopasuliwa,
na katika uwazi huo, mafuta.
Mafuta mengi. Tuliyavaa, tuliyakohoa,
mama alisema hata supu yangu inang'aa.

Wuyts hakuamini vipimo peke yake.
Aliipaka krenki rangi ya buluu, akailaza juu ya beringi,
akaizungusha kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala,
akaiinua: palipoambukizwa buluu, hapo pana kiburi.
Akakwangua kiburi. Akapaka tena.
Siku nne kwa beringi tano.
Nilimuuliza mara moja kama sasa inatosha.
"Kiulize chuma."

Kisha kijiti: mti wa mtofaa, urefu wa mkono,
ncha moja kwenye silinda, ncha nyingine sikioni.

Gari nambari mia mbili kumi na saba
lilikuwa la Bi. Roelants, mjane wa mfanyabiashara wa almasi,
aliyetaka gari ambalo ndani yake
angeisikia saa ya marehemu ikitembea mkobani.
Injini ikawashwa. Taa za gesi zilivuma kuishinda.
Wuyts akasikiliza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.
"Kimya," akasema. "Andika."

Nami nilikuwa nimesikia.
Tik. Kama ukucha juu ya kigae.
Tik, na pumziko, na tik.
Kalamu ikanikatalia.
Nikamtazama, nikaona kile ambacho karakana nzima
ilikipita kila asubuhi ikimsalimu:
kengele za kanisa kuu zilikuwa zikilia adhuhuri
na Gommaar Wuyts, ambaye huzivulia kofia,
alikuwa na kofia kichwani.

Sikusema. Vidole vyangu ndivyo vilivyosema
juu ya meza: tik, kimya, tik.
Akaviona. Akavitazama muda mrefu,
kama barua yenye muhuri wa mahakama.
Kisha akakichukua kijiti, hakukipeleka sikioni.
Akakiuma.
Macho kafumba, meno juu ya mti, mti juu ya chuma,
fuvu lake likawa karakana ndogo,
nikaona shavu likishtuka.

"Ya tatu," alisema, mate kidevuni. "Ala ya ndani."
Tukafungua. Chembe ya chuma, punje ya haradali.
Kimya kingi, husemwa, kina mshindo mkuu;
mshindo wa hiki ulikaa juu ya ukucha wangu
na bado palibaki nafasi.

Hakuniomba nifiche. Alifuta tu alama za meno
kwa kona ya aproni, hazikufutika,
akanikabidhi kijiti nikishike mimi.

Jumatano, gari lilipita langoni,
nyuma yake uzi wa moshi wa buluu, harufu ya mafuta yaliyoungua.
Wuyts alikuwa amelipa mgongo, ananawa kwa sabuni na majivu.
"Limeshaondoka?" akauliza.
Na mimi, mwenye masikio mawili mazima,
ilinibidi nigeuke nitazame
ndipo nimjibu.